GAVANA ASIYE NA POLISI

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi na wageni wao. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)



Mmetuita tuwaeleze habari za safari ya siku saba tuliyofuatana na Gavana wa Rotary katika ziara yake ya kutembelea klabu za upande wa kaskazini. Tulikuwa wawili: mmoja wetu alishika usukani, mwingine alishika daftari. Kwa hiyo tukisema "sisi" msidhani ni majivuno. Ni hesabu tu ya watu waliokuwamo garini, mbali na Gavana mwenyewe.

Tumewasikia wengine mkiguna lilipotajwa neno Gavana. Mna haki ya kuguna. Basi tuanzie hapo hapo.

JINA LENYE HISTORIA

Wazee wetu walituhadithia habari za Magavana wa zamani. Sir Edward Twining alikuwa Gavana wa Tanganyika tangu mwaka 1949 hadi 1958, na kila aliyemwona siku za sherehe alisimulia kofia yake yenye manyoya. Gavana wa zama hizo alipozuru mji, barabara ilifagiwa, mawe ya kando yakapakwa chokaa, watoto wa shule wakapangwa juani tangu asubuhi, na polisi wakasimama mstari. Gavana yule hakuja kuulizwa. Alikuja kutazamwa. Akipita, vumbi likatua, na shida za watu zikabaki palepale zilipokuwa.

Sasa sikilizeni. Mwaka huo huo wa 1949 ndipo klabu ya kwanza ya Rotary ilipofunguliwa Dar es Salaam. Nairobi ilikuwa imetangulia mwaka 1930, na Johannesburg, ya kwanza katika Afrika nzima, mwaka 1921. Katika siku hizo za ukoloni neno "klabu" masikioni mwa Mwafrika lilikuwa na maana ya mlango uliofungwa: ndani wanakaa wakubwa, na Mwafrika huingia akiwa amebeba sinia. Hatuwezi kuisahau habari hiyo, wala haifai kuisahau.

Lakini haki humpasa kila mtu, hata yule tunayemshuku. Chama hiki kilianzia Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Wakili mmoja, Paul Harris, alikutana na wenzake watatu, kila mtu na kazi yake, kwa kuwa mji ule mkubwa uliwafanya wapweke. Walikutana leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo ofisini kwa yule, na kwa sababu ya kuzunguka hivyo wakakiita chama chao Rotary. Kwa hiyo kuzunguka kumo ndani ya jina lenyewe. Leo wanachama wake ni zaidi ya milioni moja duniani. Wanawake walikataliwa kwa miaka mingi, na ni mwaka 1989 tu kanuni za chama zilipowafungulia mlango dunia nzima. Nasi tuliyefuatana naye alikuwa mwanamke. Jina lake hatulitaji, maana mwenyewe hataki kutajwa. Tutamwita kama walivyomwita wote njiani, Mama Gavana.

KAZI YAKE NI NINI?

Wilaya ya Rotary si wilaya ya Serikali. Ni mkusanyo wa klabu nyingi, na mara nyingine hupita mipaka ya nchi. Kwa miaka kadhaa Tanzania na Uganda zilikuwa katika wilaya moja. Mkuu wa wilaya hiyo ndiye aitwaye Gavana. Huchaguliwa mapema, hujifunza kazi, kisha hushika madaraka tarehe 1 Julai na kuyaacha tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Mwaka mmoja tu. Hapati mshahara. Hawezi kuiamuru klabu itumie fedha zake hivi au vile, kwa maana kila klabu hujitawala. Hana bendera kwenye gari, hana jela, hana polisi.

Basi ana nini? Ana miguu yake, masikio yake na ulimi wake. Wajibu wake mkubwa ni kuzitembelea klabu zote kabla ya mwaka kwisha. Wiki za mwaka ni 52, na klabu za wilaya yake Mama Gavana zilikuwa nyingi kuliko wiki hizo. Hapo ndipo mtaelewa kwa nini Jumamosi zake za mwaka mzima hazikuwa zake.

SAFARI

Tulitoka Dar es Salaam siku ya Jumatatu saa kumi ya alfajiri. Kulipopambazuka tulikuwa tumeipita Chalinze, na saa nne na nusu tukawa Tanga. Hakwenda kupumzika. Alikaa kwanza na mwenyekiti wa klabu, katibu na mtunza hazina, mlango umefungwa na vitabu viko mezani. Baadaye akaenda kuonana na vijana wa Rotaract, ambao ni chipukizi wa chama hicho walio vyuoni na makazini. Alasiri akatembelea hospitali. Jioni ukawa mkutano wa wanachama wote, na usiku chakula cha kuagana. Saa tano za usiku, wakati sisi tunasinzia, yeye alikuwa akiandika barua za shukrani kwa mkono wake.

Asubuhi njiani tena. Tukaipita Korogwe na mashamba yake ya mkonge, tukaipita Mombo, milima ya Usambara ikiwa mkono wa kulia, halafu milima ya Upare. Kabla ya kufika Same tairi likapasuka. Sisi tulitokwa jasho na jeki; Mama Gavana aliketi juu ya jiwe kivulini, akatoa daftari, akapiga simu tatu za kazi na moja ya nyumbani. Hiyo ya nyumbani ilikuwa ya mjukuu wake aliyekuwa na homa. Alisema naye kwa sauti ndogo, kisha akakaa kimya kidogo akitazama barabara. Tulipomaliza alisema tu, "Haya wanangu, twendeni, watu wanangoja."

Twataja jambo hili kwa sababu watu huona chakula cha usiku wa kuagana, hawaoni jiwe la Same.

Kati ya Moshi na Arusha tulisimama katika shule moja ya sekondari yenye klabu ya Interact, ambayo ni ya wanafunzi. Mvulana mmoja akainua mkono akauliza bila woga:

"Shikamoo Mama. Kazi hii unalipwa shilingi ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Silipwi."

Darasa zima likacheka, maana halikuamini. Mvulana hakuridhika.

"Kama hulipwi, kwa nini usikae nyumbani ukaletewa ripoti?"

Mama Gavana akajibu, "Kwa sababu asiyekwenda huambiwa, na anayeambiwa kila siku, kuna siku atadanganywa."

Tuliliandika neno hilo daftarini, bila kujua kwamba tutaliona kwa macho yetu kabla safari haijaisha.

KISIMA KILICHOPONA KWA MGENI

Katika moja ya siku hizo saba, na hatusemi ipi, tulipelekwa kijijini kuona kisima cha pampu ya mkono kilichochimbwa na klabu miaka miwili nyuma. Jina la klabu wala la kijiji hatutaji, kwa kuwa kosa lenyewe ni la wengi, na kulibandika kwa mmoja ni kuwaachilia wengine.

Tulipokewa kwa ngoma. Kina mama walivaa kanga mpya. Pampu ilikuwa imepakwa rangi ya buluu iliyokuwa bado inanukia, na kando yake palikuwa na kibao chenye majina ya wafadhili. Mwenyekiti wa klabu akatoa hotuba. Mama Gavana akashika mpini mwenyewe, akasukuma, maji yakatoka meupe safi. Watu wakapiga makofi, picha zikapigwa.

Mwanadamu mwingine angepanda gari hapo. Yeye akabaki amesimama akitazama chini. Sisi tukatazama anapotazama, hatukuona kitu. Ndipo akauliza kwa upole: "Njia ya kuja kisimani ni ipi?"

Wakamwonyesha. Njia ilikuwa imeota majani hadi kwenye ndama za miguu. Hakuna njia ya kisima yenye majani, ndugu zangu. Kina mama wakipita na ndoo asubuhi na jioni, majani hayapati nafasi ya kuota.

Palikuwa na kikongwe mmoja ameketi pembeni. Mama Gavana akamwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Maji haya mnayanywa?"

Kikongwe akawatazama wakubwa, akatazama pampu, kisha akasema, "Mwanangu, kama una chupa, jaza leo. Pampu hii ilikufa tangu mwezi wa mfungo. Juzi fundi kaletwa na gari, kaitengeneza kwa ajili yako. Ukiondoka nayo itakufa. Sisi twateka bwawani na ng'ombe."

Pakawa kimya. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini huku kupona kulikuwa kwa siku moja, na watoto wa kijiji walikuwa wamekunywa maji ya bwawa tangu mwezi wa mfungo huku klabuni ripoti ikisomwa kwamba kisima ni kizima.

Tulidhani Mama Gavana atagomba. Hakugomba. Alimvuta mwenyekiti kando, nasi tulikuwa karibu tukasikia.

"Ndugu yangu, kwa nini mlinificha?"

"Mama, tulitaka ufurahi."

"Mimi si mgeni wa harusi. Mkinifurahisha leo, mwakani atakuja mwingine mumfurahishe naye, na kikongwe yule atakuwa amekufa kwa maji ya bwawa."

Kisha akaomba mkutano wa hotelini usogezwe mbele saa mbili, akaketi chini ya mwembe pamoja na kina mama wa kijiji. Hapo ndipo ukweli ulipotoka wote. Ndani ya pampu kuna mipira inayochakaa kwa kazi, na haina budi kubadilishwa mara kwa mara. Bei yake haifiki bei ya pilau ya wageni kumi hotelini. Lakini kamati ya maji ilikuwa ya karatasi tu: mwenyekiti wake alihamia mjini na spana ikaenda naye, katibu hakujua kuwa yeye ni katibu, na katika majina saba yaliyoandikwa hapakuwa na jina hata moja la mwanamke. Wateka maji hawakuulizwa. Waliulizwa wanywa chai.

Kabla ya jua kutua walichaguliwa kina mama watano. Kila nyumba ikakubali kutoa shilingi 500 kwa mwezi. Fundi, ambaye bado alikuwapo, alifungua pampu mbele yao, na wawili kati yao wakaifunga tena kwa mikono yao wenyewe. Spana ikakabidhiwa kwa yule aliyeifunga vizuri zaidi. Mama Gavana akaandika nambari ya simu ya huyo mwenye spana, wala si ya mwenyekiti wa klabu.

Jioni hotelini chakula kilikuwa kimepoa. Yule mwenyekiti wa klabu alisimama mbele ya wanachama wake akasema habari yote bila kujitetea. Twamheshimu kwa hilo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Naye alichagua kuumbuka akiwa hai, ambako bado kuna dawa.

WANACHAMA WA DAFTARINI

Liko na jambo la pili, tulipitie upesi. Katika klabu moja orodha ilikuwa na majina arobaini, na mkutanoni walikuja tisa. Katibu akaanza kusoma udhuru wa mmoja mmoja: fulani yuko safarini, fulani ana msiba, fulani anaumwa. Mama Gavana akamkatiza: "Huyo anayeumwa, nani kati yenu amekwenda kumtazama?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Basi ninyi mna daftari, bado hamjapata klabu."

Ndugu wanachama, neno hilo lilituchoma sisi, ingawa halikusemwa kwetu.

JE, ZIARA HULETA NINI?

Mtu anaweza kusema: kuzunguka kwingi ni kumaliza petroli tu. Twawaletea mifano miwili ya mambo yanayojulikana.

Wa kwanza ni Sam Owori wa Kampala, aliyekuwa mtu wa kazi za benki. Alipokuwa Gavana mwaka 1987 hadi 1988, Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita na misukosuko, na klabu za Rotary nchini humo zilikuwa 9. Alipofariki tarehe 13 Julai 2017 zilikuwa 89. Wakati huo alikuwa tayari amechaguliwa awe Rais wa Rotary ya dunia kwa mwaka wa 2018 hadi 2019; angekuwa Mwafrika wa pili katika kiti hicho, baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria aliyekishika mwaka 2003 hadi 2004. Mauti yakamtangulia. Hatusemi klabu hizo zote ni kazi ya mtu mmoja. Lakini klabu haioti kama uyoga. Lazima mtu aende, akae na watu, aondoke, arudi tena.

Mfano wa pili ni ugonjwa wa polio, unaopoozesha watoto. Rotary ilianza kampeni yake ya kuukomesha mwaka 1985. Mwaka 1988, Serikali na mashirika ya dunia yalipoungana katika kazi hiyo, watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka. Dawa yenyewe ni matone mawili mdomoni. Kazi ngumu ilikuwa kuufikia mdomo wa kila mtoto, na hilo halikufanyika kwa hotuba. Lilifanyika kwa watu kwenda mlango kwa mlango na kasha la barafu begani. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na polio ya asili. Kisha virusi kutoka nje vikaonekana Malawi na Msumbiji, na mwaka 2022 nchi za jirani, Tanzania ikiwamo, zikarudi tena milangoni. Ndiyo kusema: nyumba iliyotembelewa mara moja haijatembelewa.

TUSEME NA UPANDE WA PILI

Hatukuja hapa kuwauzia Rotary. Twaliona na la kulaumiwa. Ada na gharama za mikutano ya hotelini ni kubwa kwa mwalimu wa shule ya msingi au karani wa bandari, na pale chakula kinapokuwa sharti la kukutana, mlango ule wa zamani huanza kujifunga tena bila mtu kuugusa. Tulimwambia Mama Gavana hivyo garini. Hakukasirika. Alisema klabu haikatazwi kukutania darasani kwa kikombe cha chai, na kwamba klabu changa nyingi zimeanza kufanya hivyo. Zile za zamani zinazong'ang'ania meza zitabaki na meza.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Kisima cha hisani ni kitu kizuri, lakini maji ni haki ya wananchi, na haki haidaiwi kwa mfadhili, hudaiwa kwa Serikali iliyowekwa na wananchi wenyewe. Mfadhili akija tumshukuru, tumtengee mwembe tukae naye. Lakini tusimwachie kazi yetu ya kudai, wala kazi yetu ya kutunza. Kina mama wale watano hawakupewa kitu siku ile ila spana, na spana ndiyo ilikuwa imekosekana.

MWISHO WA SAFARI

Tarehe 30 Juni ilifika. Tarehe 1 Julai Gavana alikuwa mtu mwingine, na Mama yule akarudi klabuni kwake kuwa mwanachama kama wengine. Tulimkuta akipanga viti kabla ya mkutano kuanza. Hakuna aliyempigia saluti, naye hakuwa akiitafuta.

Miezi michache baadaye safari zetu zilitupitisha karibu na kile kijiji. Hatukumwarifu mtu. Tuliliacha gari barabarani tukaenda kwa miguu. Kisimani hapakuwa na ngoma, wala kanga mpya, na ile rangi ya buluu ilikuwa imeanza kubanduka mpinini kwa kushikwa. Palikuwa na foleni ya ndoo na ugomvi mdogo wa nani alitangulia. Juu ya mti, ndani ya kopo la maziwa lililotundikwa kwa kamba, mlikuwa na mipira miwili ya akiba. Na njia, ndugu zangu, ilikuwa tupu kama sakafu. Hata jani moja hatukuliona.

Tulimwuliza mama mwenye spana kama Gavana alimpigia simu. Akasema, "Alinipigia kila mwezi mpaka nikamwambia basi Mama, sasa inatosha, nikikwama nitakupigia mimi."

Ndugu Mwenyekiti, Gavana wa zamani alikuwa na polisi, na alipoondoka hakuna aliyempigia simu. Huyu hakuwa na kitu, na watu walimwambia ukweli. Tumekuja kuwaachia swali moja, nasi tumejiuliza kwanza kabla ya kuwauliza ninyi. Viongozi wetu wanapokuja kulitembelea tawi hili, je, huwaonyesha pampu iliyopakwa rangi, au huwaonyesha njia yenye majani? Na sisi tulio viongozi wa shina na tawi, je, katika majina yaliyomo daftarini mwetu, ni mangapi tunayojua milango yao?

Haya, kesho ni Jumapili. Orodha ya wanachama wasioonekana iko kwa Katibu. Tugawane majina, tuanze kubisha hodi.